Siku ya Kugawa Vyuma

Niliiona ekzosi ile Homa Bay, ufuoni, ikitoa moshi juu ya tanuri la samaki. Nilikuwa nimeenda kununua mbuta wa moshi, nimeinama nachagua, jicho likapanda lenyewe hadi kwenye lile bomba. Bomba la tanuri huwa limenyooka. Hili lilianza jembamba, likanenepa tumboni, kisha likakonda tena mwishoni, na mishono yake ilikuwa imechomelewa kwa mkono, safi, bila uvimbe. Mimi ni fundi wa pikipiki Migori mjini, mwanamke peke yangu kwenye gereji ya wanaume kumi na mmoja, na nimeshika ekzosi za kila aina. Hiyo niliijua. Nikanyoosha mkono kuigusa, nikaungua vidole viwili.

"Nyathina, mwanangu, hiyo ni ya moshi. Samaki iko hapa chini," mama mwenye tanuri akaniambia huku akicheka.

Nilimuuliza ameitoa wapi. Akasema marehemu mume wake aliipata zamani kwenye matanga ya binamu yake Awendo, na wao hawakujua ni ya nini mpaka walipojenga tanuri. Nikakaa juu ya kreti tupu la samaki. Bomba hilo nililifungua mimi, kwa mikono hii hii, nikiwa na miaka tisa.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, tena nianzie mwanzo, maana ukiipata habari hii katikati utasema nimerukwa na akili, kama wanavyosema mafundi wenzangu.

Nilikulia Awendo kwa dani, ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba. Kama ulipita huko enzi zile utakumbuka harufu ya molasi asubuhi, tamu mpaka inakera, na trekta zikivuta matela ya miwa, na sisi watoto tukikimbia nyuma kuchomoa muwa mmoja mmoja. Jikoni kwa dani palikuwa na chungu cha nyoyo, mahindi na maharagwe, kilichoanza kuchemka alfajiri na kuiva wakati njaa imeshatutukana vya kutosha. Baba mdogo, kitinda mimba wa dani, alikuwa ameoa Mkuria kutoka upande wa mpaka wa Tanzania. Mama mdogo hakujua Dholuo, dani hakujua Kikuria, basi jikoni tulizungumza Kiswahili cha kuokoteza, ambacho kwa dani kila kitu kilikuwa "hii" na kila jambo lilikuwa "iko". Palipokwama, niliitwa mimi. Ukiacha kuchota maji na kuchambua omena, wale dagaa wa ziwani, kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nilijiona mtu mkubwa sana. Wazee wazima walikuwa wakinisubiri nimalize kutafuna ndipo wajue mke wa mtoto wao amesema nini.

Baba mdogo alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Mhandisi mmoja Mzungu aliyefanya kazi naye alikuwa, kabla ya kuingia kwenye mambo ya sukari, fundi wa timu ya mashindano ya pikipiki kwao Ulaya, zile pikipiki za kuruka vilima na kuogelea matopeni. Mkataba wake ulipokwisha alimwachia baba mdogo pikipiki yake pamoja na sanduku la mbao lenye makopo ya mafuta. Pikipiki ilikuwa kuukuu hata wakati huo, lakini vipuri vyake havikuwa vya dukani. Kampuni iliyoiunda ilivitengeneza vichache tu, kwa waendeshaji wake yenyewe waliogombea ubingwa, na mtu wa kawaida hakuuziwa. Tangi lilikuwa la alumini iliyofuliwa kwa nyundo. Kitovu cha gurudumu la mbele kilikuwa cha magnesi, chepesi kama kibuyu kikavu. Bolti zilikuwa za titani, hazijui kutu. Namba za vipuri hivyo hazikupigwa kwa mashine. Mtu fulani ambaye sitamjua kamwe alizikwaruza kwa mkono, kwa ncha kali. Baba mdogo alikuwa akinishikisha kidole juu ya zile namba.

"Hii haiko dukani," alisema. "Hata uende Nairobi. Hata uende kwa wenye waliitengeneza, watakuambia iliisha."

Jumapili mchana alikuwa akiiendesha kwenye shamba la miwa lililovunwa, nyuma ya kiwanda. Vijana wengine walikuja na pikipiki zao za kawaida, na watu walisimama juu ya matuta kushangilia. Mama mdogo alikuwa akijifunika macho kwa leso kila mumewe aliporuka tuta, lakini leso yenyewe ilikuwa nyepesi, na akimaliza alikuwa akitusimulia mruko wote jinsi ulivyokwenda.

Injini ile ilikunywa petroli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, na moshi wake ulikuwa na harufu tamu ambayo pikipiki nyingine haina. Makopo aliyoacha Mzungu yalipokwisha, baba mdogo alimkumbuka dani, aliyekuwa akichemsha na kukamua mbarika za ua wake mwenyewe kwa ajili ya kulainisha ngozi. Dani akatoa chupa nzima kwa moyo mkunjufu. Pikipiki ilizunguka shamba mara mbili, ikakaba. Tulipoifungua, pistoni ilikuwa imeshikwa na gundi ya kahawia. Sote tulikuwa na huzuni isipokuwa dani. "Mafuta yangu iko na nguvu," alisema, na aliwaambia majirani hivyo kwa mwezi mzima.

Ilituchukua wiki kuisafisha, na wiki hiyo ndiyo iliyonifanya fundi. Baba mdogo alinipa spana, akaniketisha, akanifundisha kila bolti inatoka wapi na inarudi wapi. Tulizipanga kwenye vifuniko vya sufuria, dani akabaki anapika bila vifuniko na kulalamika. "Ukisikia bolti inalia, acha," baba mdogo aliniambia. "Inakuambia umekosea njia." Nilikuwa mtoto pekee Awendo, na nadhani mtu pekee ukimwondoa yeye, aliyeweza kuifungua pikipiki ile yote bila kuharibu uzi hata wa bolti moja.

Mwaka huohuo baba mdogo aliugua homa, siku nne tu, akafa. Hawakuwa wamepata mtoto.

Kwetu, baada ya maziko na shughuli zake, hufika siku ya kugawa alivyoacha marehemu. Kwa Dholuo siku hiyo huitwa keyo nyinyo. Ukilichukua neno kwa neno ni kugawa chuma, kwa sababu zamani mali ya mtu ilikuwa jembe lake na mkuki wake. Lakini maana yake ni kugawa mali. Kila mtu mzima alilijua hilo. Mimi sikuwa mtu mzima.

Mzee wa ukoo aliniita akaniambia niende kwa mke wa marehemu, nimwambie kesho ni keyo nyinyo, kama ana neno aseme. Nilikwenda mbio. Mama mdogo alikuwa ameketi sakafuni nyumbani kwake, kichwa kimenyolewa.

"Wanasema kesho watagawa vyuma," nikamwambia.

"Vyuma?" Akatazama dirishani. Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo la gia zilizovunjika na minyororo ambayo baba mdogo alikuwa akiiokota kiwandani. "Wagawe tu. Mimi vyuma nitafanyia nini?"

Nikarudi mbio kwa wazee. "Amesema mgawe. Yeye hataki kitu."

Wazee walitazamana, wakamsifu kwa moyo wake.

Kesho yake redio ilikwenda huku, koti kule, kitanda kule. Ilipofika pikipiki, baba mkubwa aliitaka na binamu wa Homa Bay aliitaka, sauti zikapanda. Mzee wa ukoo akaamua kwamba siku ni ya kugawa chuma, na hicho ni chuma, kigawanywe kila mtu apate chake. Kijana mmoja akaleta nyundo na spana kubwa, bolti zikamkatalia. Hapo ndipo nilipoinua mkono. Hakuna aliyeniita wala kunilazimisha. "Mimi najua," nilisema, na wazee wakaniwekea kiti.

Nilifungua pikipiki ile mbele ya ukoo mzima, nikipanga vipande juu ya gunia, na kila kipande kilipotoka walipiga makofi. "Huyu ni injinia!" walisema. Nilikuwa na furaha, rafiki yangu. Nakuambia ukweli ingawa uso unaniwaka: siku tatu zilikuwa zimepita tangu tumzike, na mimi nilikuwa na furaha.

Mama mdogo alitoka nje akakuta imebaki mifupa. Akauliza ni nini hii. Hakuna aliyemjibu kwa sababu hakuna aliyemwelewa, na mkalimani alikuwa amekaa kitini na spana mkononi. Akanitazama.

"Wewe ndio uliniambia ni vyuma," akasema.

Alilisema taratibu, bila kunipandishia sauti, na nimelisikia maisha yangu yote. Jioni wazee walipokusanya vipande, kiki ilikuwa haionekani, ule mkono unaokanyagwa kwa mguu ili injini iwake. Ilitafutwa mpaka kwenye majivu ya jikoni. Shughuli zote zilipokwisha mama mdogo alirudi kwao Ukuria, hakuja tena Awendo.

Sasa unaelewa kwa nini nilikaa juu ya kreti la samaki. Siku hiyohiyo niliamua: nilichofungua nitakifunga. Sikuamua kujaribu. Mama mwenye tanuri nilimnunulia bomba jipya lililonyooka, nikalipanda mwenyewe, nikaondoka na ekzosi imejaa masizi.

Injini na fremu havikunisumbua. Baba mkubwa alikuwa ameifunga injini kwenye kinu cha kusaga mahindi, ikanguruma mara moja, ikarusha mkanda hadi kwenye mihogo ya jirani, basi akaitupa ghalani ilipokaa mpaka naye akafariki. Wanawe waliniambia nichukue takataka zangu.

Tangi lilikuwa Rongo kwa shangazi, naye ni Msabato wa kweli. Nikafanya kosa la kufika Jumamosi. "Leo ni Sabato," akaniambia mlangoni. "Chuma ingoje jua iingie." Nilimfuata kanisani, nikaimba, nikarudi, nikala chakula kilichopikwa Ijumaa, nikakaa uani na tangi mbele ya macho yangu, limejaa mafuta ya taa, bila ruhusa ya kuligusa. Jua lilipozama tu aliyamimina mafuta kwenye mtungi, akanipa tangi. Alisema ningekuja Jumapili ningelipata kwa dakika tano.

Kitovu cha gurudumu kilikuwa Macalder, kwa mchimba dhahabu aliyekirithi kwa baba yake. Huyo alinitoa jasho. Alikuwa amekikwaruza kwa kisu, akamwaga unga wake juu ya makaa, ukawaka mwanga mweupe wa kuumiza macho.

"Madam, hii si chuma," alisema. "Chuma gani inawaka? Hii ni madini, na wewe umekuja kunidanganya."

Nilimweleza kwamba magnesi ni metali nyepesi inayowaka ikisagwa. Hakuniamini hata chembe. Nikamwona ana mashine ya kusagia mawe iliyokufa, na wenzake wanapanga foleni kwa jirani. Nikavua koti. Siku mbili nilishinda chini ya mashine hiyo, vumbi mpaka kwenye meno, na siku ya pili jioni ikasaga. Akaizima. "Mtu akiwa na madini kwa mkono hawezi kulala chini ya mashine ya wenyewe siku mbili," akasema, akanipa kitovu. Mpaka leo sijajua kama alinisifu au alinionea huruma.

Usiku na mchana nilisoma kwenye simu. Kumbe kuna wazee wa mvi huko ng'ambo wanaovuka nchi kutafuta nati moja ya pikipiki kama ile, wanaojua ni mkono wa fundi gani uliokwaruza namba gani. Walinisaidia sana. Walinionyesha kipi ni cha kweli na kipi ni bandia, na wapi pa kupata mafuta ya mbarika yaliyosafishwa. Mmoja alitaka kununua vyote kama vilivyo. Nilimjibu kwamba haviuzwi, akauliza tena, nikamjibu tena.

Miaka mitatu ilipita namna hiyo. Ikabaki kiki. Vijana wa gereji wakasema, "Si tuisukume, itashika tu." Wakasema pia kwamba kuna mchomeleaji stendi anayeweza kuunda nyingine kabla ya chai ya saa nne. Nilikataa yote mawili. Nilijua kiki iko wapi. Nafikiri nilijua tangu nikiwa na miaka tisa.

Mama mdogo nilimkuta ndani ndani huko mbele ya Kehancha, akipukuchua mahindi juu ya turubai. Alikuwa amezeeka, lakini alinitambua kabla sijasema jina.

"Mkalimani amekuja," akasema.

Akanipa chai. Nikamwonyesha picha kwenye simu: tangi, injini, ekzosi, kila kitu mahali pake. Nikamwambia imebaki kitu kimoja tu. Aliingia ndani akarudi na kitambaa, akakifungua juu ya meza. Kiki ilikuwa inang'aa, haina hata doa. Akaweka mkono juu yake.

"Hii hakuna mtu alinigawia," alisema. "Nilijichukulia. Sasa unataka nikupe ndio vitu zako zitimie. Na mimi nibaki na nini?"

Akaifunga tena. "Kunywa chai, inapoa."

Nilirudi Migori nimekasirika, sitakuficha. Niliongea peke yangu njia nzima. Miaka mitatu nimelala chini ya mashine za watu, nimeimba nyimbo za Sabato nisizozijua, na mtu mmoja ananinyima kipande cha mkono mmoja! Siku ya tatu, nikiwa nakaza nati za gurudumu, nilisikia tena alichosema. Vitu zako. Nikaacha spana. Nilikuwa nimefika kwake kama nilivyofika mara ya kwanza, mbio, na neno vyuma mdomoni.

Asubuhi nilikodi pikapu.

"Mbona umeleta hii yote?" aliuliza mimi na dereva tulipoishusha pikipiki uani kwake.

"Ni yako," nikamwambia. "Mama mdogo, siku ile hawakusema vyuma. Walisema mali. Yote aliyoacha baba mdogo. Wewe ulisema wagawe vyuma, mimi nikawaambia umesema wagawe mali. Mimi ndiye nilikosea, halafu nikaifungua kwa mikono yangu, na sikuwahi kukwambia. Nisamehe."

Aliendelea kupukuchua gunzi lake mpaka likaisha.

"Hiyo neno nilikuja kuijua baadaye," akasema. "Soko ya Migori. Mama mmoja wa omena alikuwa anaongea mambo ya matanga, ya kugawa chuma. Nikamuuliza maana yake mara mbili."

"Ukanikasirikia?"

"Wewe? Wewe ulikuwa mtoto. Nilikasirikia mtu mzima mwenye anatuma mtoto." Akajipangusa vumbi la mahindi. "Lakini nilikuwa nangoja ukuje useme."

Aliingia ndani, akatoka na kiki. Nikamwonyesha inapoingia. Akaisukuma kwa kiganja mpaka ikakaa, nikampa bolti, nikampa spana, akakaza mwenyewe, polepole, mpaka nikamwambia inatosha. "Washa," akasema. Nilipiga mara nne bila jibu. Ya tano ikashika, kuku wakatawanyika, na moshi ule mtamu ukajaa uani. Mama mdogo alilia na kucheka kwa pamoja, na mimi vilevile. Nilikaa mpaka saa kumi nikimfundisha namna ya kuitunza, kisha nikapanda pikapu tupu nikarudi Migori. Sina hata nati moja ya pikipiki ile.

Nilipita Awendo majuzi. Lile shamba la kurukia sasa ni nyumba za kupanga, mlango kwa mlango. Jiko la dani lilianguka mvua moja, na dani mwenyewe alitangulia zamani, na mzee wa ukoo, na binamu wa Homa Bay. Kiswahili kile cha jikoni, cha "hii" na "iko", hakuna tena anayekizungumza, na hakuna anayesubiri nimalize kutafuna ndipo aelewe jambo. Miaka mitatu nilipita nchi nzima nikijua kila kipande kiko kwa nani. Mtu niliyemkosea alikuwa mmoja tu, yuko hai, mwendo wa asubuhi moja kutoka gereji yangu, na mara ya kwanza nilipofika mlangoni kwake nilimwomba kiki.